Wamama wawili ndani ya foto moja

Juma lililopita tuliwaahidi kuzungumza juu ya ndagala na namna ya kuzianika wakati wa mvua. Ndagala zitangoja kidogo. Kuna jambo lilitokea kwenye kikao chetu cha Siku ya Posho, na tangu siku ile hatujaweza kuandika juu ya kitu kingine.

Tulikuwa tumemaliza kuhesabu pesa za likelemba. Mama mmoja wa Mulongwe, ambaye kwa kawaida hasemi sana, akatoa ndani ya kikapu chake kifuko cha plastiki, ndani ya kifuko bahasha, na ndani ya bahasha foto moja. Nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kiganja, kona moja imeliwa na maji. Wanawake wawili. Mmoja ameketi kwenye kiti, mwingine amesimama nyuma yake na kuweka mkono juu ya kiti. Wote wawili wamevaa kikwembe cha aina moja, cha maua makubwa. Juu ya magoti ya yule aliyeketi kuna mtoto, na kichwa cha mtoto hakionekani vizuri, ni kama moshi.

Akasema: "Mmoja kati yao ni mama yangu. Sijui ni yupi."

Tuliishika kwa zamu. Kila mmoja alitaka kusaidia. Mama mzee wa Kimanga, ambaye alizaliwa hapa na hajawahi kutoka isipokuwa siku za kukimbia, akasema bila kusita: "Ni huyu aliyeketi. Oneni paji la uso." Mwenzake wa rika lake akakataa: "Hapana, ni aliyesimama. Oneni shingo." Wakabishana mpaka chai ikapoa. Tukaigeuza foto. Nyuma kulikuwa na muhuri wa studio, wino wa zambarau uliosambaa na maji. Tuliweza kusoma FOTO, kisha doa jeupe, kisha UVIRA. Jina hakuna. Mwaka hakuna.

Mwenyewe alizaliwa mwaka 1991. Vita ya 1996 ilipofika Uvira, alivuka ziwa kwenda Kigoma mgongoni mwa shangazi yake, dada ya baba, na mama yake akabaki nyuma, asionekane tena. Walikaa katika kambi ya Nyarugusu. Shangazi alikuwa akitoa foto hiyo mara moja moja, anaweka kidole katikati na kusema, "Huyu ndiye mama yako." Kidole cha mtu mzima, foto ndogo, mtoto wa miaka sita. Kidole kilifunika wote wawili. Shangazi akafariki huko huko kambini kabla mtoto hajapata akili ya kuuliza.

Foto hiyo basi imevuka ziwa mara mbili na kulala miaka mingi chini ya turubai. Halafu mwezi wa nne mwaka 2020 Mto Mulongwe ukaacha njia yake usiku, na hakuna haja ya kuwaeleza ninyi ule usiku. Mama huyu alitoka na watoto wake na kifuko. Nyumba ilikwenda.

Tukaamua kumtafuta mtu anayezijua foto za namna hiyo.

Huko Kalundu, si mbali na bandari, anakaa mzee mmoja aliyepiga foto tangu ujana wake mpaka simu zilipomnyang'anya kazi. Jina lake hatulitaji, ameomba hivyo. Anasema kuna madeni ya wateja ambayo hayajaisha, yake na yao. Tulienda watatu pamoja na mwenye foto. Alituweka kwenye benchi, akaita mjukuu alete maji, kisha akainama na kuvuta kitu chini ya kitanda.

Ilikuwa apareyi yake. Sanduku la mbao, mbele lensi ndani ya pete ya shaba, nyuma kioo chenye ukungu, na katikati ngozi iliyokunjwa kunjwa kama akordeoni, ambayo mende wameitoboa. Miguu yake mitatu imepata kazi nyingine. Mmoja, tuliuona wenyewe, unazuia mlango wa banda la kuku.

"Papa, ulikuwa unafanyaje na kitu hiki?" tukamuuliza.

Akafurahi kuulizwa. Mpiga foto alijifunika kitambaa cheusi, yeye na nyuma ya sanduku pamoja, ili aone kioo vizuri. Ndani ya kioo watu walionekana miguu juu, vichwa chini, kwa sababu mwanga ukipita ndani ya lensi unageuka. "Wakubwa wote wa mji huu," alisema, "nimewaona vichwa chini, na hakuna aliyejua." Akisha kuridhika, alitoka chini ya kitambaa, akafunga lensi kwa kifuniko, akachomeka nyuma kibao chembamba kinachoitwa shasi. Ndani ya shasi kulikuwa na kipande kimoja cha filamu. Si ile filamu ya kuviringisha mliyoiona baadaye, ya foto 36 zenye ukubwa wa milimita 24 kwa 36. Kipande kimoja, foto moja, sentimita 9 kwa 12, na 13 kwa 18 kwa mwenye uwezo. Hakukuwa na mashine ya kukuza. Filamu ililazwa moja kwa moja juu ya karatasi, vikamulikwa pamoja, kwa hiyo foto ilitoka na ukubwa ule ule wa filamu. Ndiyo maana ukiitazama kwa kioo cha kukuza unaona mpaka uzi wa kikwembe. Simu zetu, pamoja na majivuno yake, mara nyingi hazifiki hapo.

Halafu aliondoa kifuniko kwa mkono, akahesabu moja, mbili, akakirudisha. Basi. Mwanga ulikuwa wa dirisha tu, na filamu ya siku hizo ilikuwa nzito kushika mwanga. Sekunde mbili ni muda mrefu, wamama. Jaribuni kukaa bila kupepesa jicho wala kupumua huku nzi amekaa kwenye pua. Cheko linatetemeka, na linalotetemeka linatoka ukungu. Kwa hiyo mnapoona nyanya zenu ndani ya foto za zamani wamekaza uso kama wako mbele ya hakimu, msidhani walikuwa watu wakali. Waliambiwa wasitikisike, nao walikuwa wamelipa.

Na kulipa kulikuwa kulipa kweli. Mzee alisema wengi walikuja wawili wawili, marafiki ao wake za ndugu, wakagawana bei ya foto moja. Walishona sare kwa ajili ya siku hiyo. Yeye alikuwa na saa ya mkononi isiyotembea na mkoba wa ngozi, akawaazima waliotaka. Usiku alifunga taa ya mafuta kwa kitambaa chekundu, akasafisha karatasi kwa mwanga huo. Filamu yenyewe aliisafisha gizani kabisa, kwa vidole tu, huku mke wake amekaa mlangoni kuzuia watoto wasifungue. Tunataja mke kwa makusudi. Kwenye muhuri wa studio jina lake halikuwemo.

Ndipo tukamtolea foto.

Hakuangalia nyuso. Aliinua foto karibu na jicho, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango, akaangalia ile sehemu ambayo sisi wote tuliona ni mbovu, kichwa cha mtoto.

"Mtoto huyu hakuchezesha kichwa ovyo," akasema. "Angekichezesha huku na huku, ukungu ungeenda pande zote. Huu unaenda upande mmoja. Alianza kuangalia mbele, kisha akageuka nyuma na juu. Anamtazama huyu aliyesimama." Akanyamaza kidogo. "Mtoto akiwekwa kwenye magoti ya mtu mwingine, anamtafuta nani kwa macho?"

Hakuna aliyejibu. Mwenzetu alichukua foto yake akaiweka kwenye mapaja. Baada ya muda akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Miaka yote nimekuwa nikimsalimia huyu aliyeketi."

Mzee akaona amesema mengi. "Siapi, binti yangu. Labda kulikuwa na kuku nyuma. Na mtoto huyu huenda si wewe."

Ni kweli, na hapo ndipo shida ilipo. Kama foto ni ya mwaka 1992 hivi, mtoto anaweza kuwa yeye, na maneno ya mzee yana uzito mkubwa. Kama ni ya zamani kuliko hapo, mtoto ni mwingine. Labda ni kaka ambaye hakumjua, labda ni mtoto wa rafiki, na tumerudi mwanzo. Kila kitu kinategemea mwaka.

Tukamuuliza kama ni kazi yake. Akatikisa kichwa. Nyuma ya wanawake wale kuna kitambaa kilichochorwa ziwa, mtumbwi wenye tanga, na mnazi mmoja unaoinama kushoto. Cha kwake kilichorwa ngazi na nguzo, kama nyumba ya gavana. Chenye mnazi kilikuwa cha mwenzake aliyefanya kazi karibu na soko, ambaye alivuka ng'ambo zamani. "Lakini yeye alibadilisha kitambaa," akasema, "mara mbili ao tatu, mvua ilipokiharibu. Mkipata foto nyingine yenye mnazi huo, na mwaka umeandikwa, mmepata mwaka wa hii."

Mawazo haya ya mzee si ya kubahatisha. Huko Bamako, Mali, kulikuwa na mpiga foto Seydou Keïta, aliyefungua studio mwaka 1948 na kutumia apareyi kubwa ya sentimita 13 kwa 18. Naye alipiga mara moja tu kwa kila mteja, kwa kuwa filamu ilikuwa ghali. Naye alikuwa na saa, kalamu, redio, hata pikipiki ndogo ya kuazima. Kitambaa chake cha kwanza cha nyuma kilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe, lenye nyuzi za pembeni. Baada ya miaka kadhaa akalibadilisha, kisha akabadilisha tena. Alipokuwa mzee, aliweza kutaja foto ni ya miaka gani kwa kuangalia kitambaa tu. Shuka la kitanda likawa kalenda.

Kuna alama nyingine ambazo ninyi wenyewe mnaweza kusoma nyumbani. Muhuri ao maandishi yenye neno ZAIRE ni ya kati ya 1971 na 1997. Ambroise Ngaimoko alipofungua studio yake Kinshasa mwaka 1971 aliiita Studio 3Z, maana yake Zaire tatu: nchi, mto na pesa, mtu akikutana na muhuri huo hana haja ya kuuliza enzi. Mwanaume aliyefunga tai, mara nyingi ni kabla ya abakosi kuamriwa ao baada ya 1990. Mama aliyevaa suruali, vilevile, kwa maana enzi ile tulikatazwa. Kwenye foto ya mwenzetu, doa la maji limekaa pale pale ambapo neno la nchi lingekuwa.

Sasa tuseme juu ya majina, maana ndiyo yanayotuuma.

Foto za Keïta zilionyeshwa New York mwaka 1991. Watu walizistaajabia, na chini yake kuliandikwa kwamba mpiga foto hajulikani, naye alikuwa hai Bamako. Ilibidi mtu asafiri kwenda kumtafuta. Yeye alipatikana. Wengi wa wale wanawake wa Bamako waliokaa mbele ya shuka lake, na hereni zao na vitambaa vyao vya kichwa, wanatazamwa leo duniani kote bila kuitwa kwa jina.

Hapa kwetu Congo jambo hilo lina historia yake. Casimir Zagourski, Mpolandi aliyefungua studio Léopoldville mwaka 1924, alizunguka nchi yetu na nchi za jirani, akatoa mamia ya kartipostali alizoziita Afrika inayotoweka. Ni kazi nzuri, hatusemi uongo. Lakini nyingi chini yake kumeandikwa kabila, si jina la mtu. Mama aliyesimama juani akingoja muzungu amalize, mwenye watoto na deni na rafiki, akageuzwa kuwa mfano wa kabila. Alipelekwa Ulaya kwa posta na hakuna aliyejua anaitwa nani.

Tena kuna foto nyingine, ya zamani zaidi. Tarehe 14 mwezi wa tano mwaka 1904, huko Baringa, mmisionari Muingereza, mwanamke, Alice Seeley Harris, alimpiga foto baba mmoja aliyeketi kwenye baraza. Mbele yake umewekwa mguu na mkono wa binti yake wa miaka mitano, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Hatuelezi zaidi, watoto wanasoma gazeti hili. Foto hizo za Alice zilionyeshwa kwa taa ya kumulika ukutani katika makanisa na kumbi za Ulaya na Marekani, zikasaidia kuleta kelele ambayo mwishoni, mwaka 1908, ilimfanya mfalme Leopold aachie Congo. Tunachotaka mkione ni hiki: yule baba anaitwa Nsala, na binti anaitwa Boali. Mtu aliuliza na akaandika. Miaka zaidi ya mia moja imepita, nasi hapa Uvira tunaweza kumtaja yule mtoto kwa jina lake.

Kwa hiyo tunawaomba, tena tunawabana, mkae na wazee wenu na foto zenu. Fanyeni hivyo wazee wakiwa hai. Muulize na jina la pili. Kumbukeni kwamba mwaka 1972 serikali iliamuru majina ya kizungu ya ubatizo yaachwe, basi mama yako anaweza kuwa na jina moja kwenye karte ya ubatizo, lingine nyuma ya foto ya 1975, na lingine ambalo majirani walimwita. Andika yote matatu. Mmoja wetu, tunaoandika safu hii, alikaa miaka akidhani foto fulani nyumbani ni ya mke wa kwanza wa babu. Ilikuwa nyanya yake mwenyewe, kwa jina ambalo nyumbani hakuna aliyelitumia. Aliinunia foto bure.

Wengine watasema, sisi tuna simu, foto ziko elfu. Sawa. Simu ilianguka ziwani pale Kavimvira na foto elfu zikaenda chini pamoja nayo; tunamjua mwenyewe, na bado analia. Ukiwa na foto tatu ao nne za watoto unazozipenda, toa pesa kidogo uzichapishe kwenye karatasi.

Tukamuuliza mzee namna ya kutunza za zamani, naye akatupa masomo bila malipo, isipokuwa sukari tuliyokuwa tumebeba.

Foto ikilowa na kuwa na matope, usiipanguse. Upande wa sura ukilowa unakuwa laini kama ngozi ya maziwa, na kitambaa kinauchubua. Itie kwenye beseni la maji baridi yaliyo safi, uisuesue pole pole, kisha ilaze juu ya nguo safi, sura ikiwa juu, kivulini, penye upepo. Jua linaikunja. Pasi inaiua. Foto zilizoshikamana usizivute zikiwa zimekauka nusu. Ziache ndani ya maji mpaka ziachane zenyewe. Iliyonasa kwenye kioo cha fremu, ipige foto kwanza kwa simu kupitia kioo hicho hicho, ili hata ukishindwa usipoteze yote. Nyuma andika kwa kalamu ya risasi, bila kukandamiza, kwa kuwa wino ukilowa unapita upande wa pili. Karatasi za siku hizi zenye utelezi hazishiki risasi, basi andika juu ya bahasha.

Na tafadhali, wamama, muache kupeleka foto za zamani kuplastifie. Tunajua inapendeza, inang'aa, na mnasema maji hayaingii. Moto wa mashine na ile gundi havitoki tena, na maji yakipata kona moja tu yanaingia na hayana njia ya kutoka. Foto ikae ndani ya bahasha ya karatasi, bahasha ndani ya bati ao ndoo yenye kifuniko, ndoo juu ya kabati. Nyeusi na nyeupe ikitunzwa hivyo itawazika wajukuu. Za rangi za miaka ya 1980 zinageuka nyekundu zenyewe hata ufanyeje, hizo ndizo za kunakili kwanza.

Kama mna ndugu aliyekuwa mpiga foto, mumuulize juu ya negatifu. Watu wanazitupa wakidhani ni takataka, kumbe huko ndiko foto inakotoka. Huko Mbarara, Uganda, Musa Katuramu, mwalimu na fundi mbao, aliacha negatifu zake alipofariki, jamaa wakazihifadhi, na miaka mingi baadaye zikachapishwa kitabu kizima cha watu ambao wangesahaulika. Mzee wetu wa Kalundu alibakiwa na katoni moja. Alitufungulia. Maji ya ziwa yaliyoingia nyumbani kwake yalikuwa yamezigandamanisha, zote pamoja, kama tofali. Alilishika mkononi akaligeuza. "Hapa ndani kuna harusi nyingi," akasema, akalirudisha.

Mwenzetu amerudi na foto yake. Nyuma, kwa risasi, ameandika mambo ambayo ana hakika nayo: jina la mama yake, majina yote mawili, na neno Uvira. Hakuandika nani ni nani.

Sasa sikilizeni vizuri, na muwasomee wale wasiosoma, hasa wazee. Tunatafuta foto yoyote iliyopigwa Uvira yenye kitambaa cha nyuma kilichochorwa ziwa, mtumbwi wenye tanga, na mnazi mmoja unaoinama kushoto. Haijalishi ni ya nani, harusi, ubatizo, askari ao mwanafunzi. Ikiwa mwaka umeandikwa nyuma, ao kama mnakumbuka ilipigwa mtoto yupi alipozaliwa, ndiyo tunayoitaka. Tunatafuta pia mtu anayekumbuka marafiki wawili walioshona kikwembe kimoja cha maua makubwa. Aliyeketi ni mwembamba, ana hereni za duara na pengo dogo linaloonekana kidogo kati ya midomo. Aliyesimama ni mnene kidogo, kichwa hakikufungwa, nywele zimesukwa kwa uzi, na juu ya mkono ulioshika kiti, karibu na kidole gumba, kuna kovu. Kovu hilo tuliliona kwa kioo cha kukuza cha mzee. Yeye mwenyewe binti hakuwa analijua.

Foto msizitoe kwenye fremu wala kuzibeba mvuani. Mpeni habari mama anayeongoza kundi lenu, nasi tutakuja nyumbani kuinakili kwa simu. Walioko Makobola, Mboko na Baraka watutumie ujumbe kwa wanaokuja soko. Walio na ndugu Kigoma ao Bujumbura wawaulize, kwa kuwa mwenye kitambaa alivuka na huenda alivuka na vitu vyake.

Juma lijalo, ndagala.